Asilimia na Simulizi: Data za Saikolojia Tiba katika West Nile

Anayesoma tafiti za saikolojia tiba kuhusu West Nile hukutana kwanza na asilimia. Mwaka 2004 Unni Karunakara na wenzake walichapisha matokeo ya dodoso lililojibiwa na watu wazima 3,323 wa pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Sudan. Dalili za maradhi ya kiwewe zilionekana kwa asilimia 46 ya wakimbizi wa Kisudani, asilimia 48 ya Wasudani waliobaki kwao, na asilimia 18 ya raia wa Uganda.

Mimi, kama mwanafunzi wa historia na mzaliwa wa Koboko, hukwama kwenye hiyo 18. Watu wengi husoma haraka na kuiona ndogo, kana kwamba wenyeji walikuwa watazamaji tu wa vita vya majirani. Lakini baada ya Idi Amin kupinduliwa mwaka 1979, jeshi jipya lililipiza kisasi West Nile, na watu wa Arua na Koboko wakakimbilia Zaire na Sudan. Wengi walirudi katikati ya miaka ya 1980. Kwa hiyo Mganda aliyeulizwa maswali yale huenda naye aliwahi kuwa mkimbizi, tena katika nchi ya hao hao waliokuja kwake baadaye. Dodoso la mara moja huhesabu waliopatwa na walivyo siku ile. Mfululizo wa miaka halina pa kuuandika.

Mwaka huo huo wa 2004 Frank Neuner, Maggie Schauer, Thomas Elbert na wenzao, Karunakara akiwa mmoja wao, walichapisha jaribio la tiba lililofanyika katika makazi ya wakimbizi ya Imvepi. Washiriki walikuwa Wasudani 43 tu, waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Kundi moja lilielezwa kuhusu kiwewe, la pili likapewa pia ushauri nasaha, na la tatu likapewa tiba ya masimulizi: mtu anasimulia maisha yake kwa mpangilio wa wakati, mtaalamu anaandika, kisha anamsomea na kusahihisha naye. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 29 ya waliosimulia bado walikuwa na maradhi hayo, dhidi ya takriban asilimia 80 katika makundi mengine mawili. Sampuli ni ndogo, na mhadhiri wa takwimu atalisema hilo kabla sijamaliza sentensi. Hata hivyo tofauti ile ni kubwa.

Jaribio la Self Help Plus katika makazi ya Rhino Camp, lililochapishwa mwaka 2020, lilikuwa na upana zaidi: wanawake 694 wa Sudan Kusini kutoka vijiji 14. Hapo kura ilipigwa kwa vijiji, kwa sababu majirani huambiana walichofundishwa, na kumgawa mtu mmoja mmoja kungevuruga ulinganisho. Mafunzo yalitolewa kwa sauti iliyorekodiwa na kitabu cha picha. Miezi mitatu baadaye, dhiki ya waliofundishwa ilikuwa imepungua zaidi.

Lakini mimi narudi Imvepi. Pale simulizi ilikuwa dawa, na wakati huo huo ilikuwa hati ya kihistoria. Mwisho wa tiba mwenyewe alikabidhiwa maisha yake yakiwa yameandikwa. Kilichochapishwa ni alama za dalili. Mwanahistoria ndani yangu anazitamani hati zile. Ila nakubali kwamba zilitolewa kwa ajili ya kupona, na hazikuwa zangu kuzitamani.

Nililielewa hilo vizuri zaidi nyumbani. Kwa zoezi la darasani nilimsomea bibi yangu orodha ya matukio ya mwaka 1980 ili nitie alama. Alijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, hakukaa hata robo saa. Nilipofunga daftari akaniuliza, "Umemaliza, mjukuu wangu?" Nikamwambia nimemaliza. Akavuta mkeka karibu na jiko, akaanza kunieleza habari za mbuzi waliowaacha wamefungwa siku walipovuka kuingia Zaire. Sikuandika.