Pumzi ya Presha Kuka

Jikoni kwetu Xiaobei, hapa Guangzhou, maharage huiva kwa presha kuka. Mwenzetu mmoja aliwahi kukandamiza kizibo chake kwa mwiko ili asome bila kelele. Mama yake alikuja mbio: "Iache ipumue!" Ndipo tukatafuta historia ya pumzi hiyo.

Mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin aliionyesha Royal Society ya London chungu kilichofunikwa kabisa, cha kulainishia mifupa. Mvuke ukibanwa, maji huchemka kwa zaidi ya nyuzi 100. Ukizidi mno, chungu hupasuka. Kwa hiyo Papin alikiwekea tundu lenye kizibo, kikikandamizwa na wenzo wenye uzito. Mvuke ukiushinda uzito, kizibo huinuka, ukipungua, hujifunga. Hiyo ndiyo vali ya usalama.

Mwaka 1803, huko Greenwich, boila ya Richard Trevithick ililipuka na kuua watu 4. Yeye alilaumu uzembe wa wahudumu. Baadaye aliweka vali mbili, moja ikiwa mbali na mkono wa mhudumu.

Vali za usalama zilikuwamo pia kwenye magari ya moshi ya reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Leo zimo kwenye hita za maji na kompresa za gereji.

Trevithick alijua tulichojifunza jikoni: mwenye haraka asiachiwe vali peke yake. Tundu lisafishwe, mwiko ukae chunguni.