Jua la Kenge: Historia ya Joto la Mtambaazi, tangu Ukingo wa Rufiji hadi Kizimba cha Kioo

Mto Rufiji, uzaliwao pale Kilombero na Luwegu ikutanapo, ukiisha kupokea maji ya Ruaha Mkuu na kushuka katika tambarare, huingia nchi ya Kibiti na kugawanyika mikono mingi inayotafuta bahari kuelekea kisiwa cha Mafia, katikati ya misitu ya mikoko iliyotanda zaidi ya hekta 50,000. Katika kingo zake hukaa mamba, na hukaa kenge wa majini, mjusi awezaye kupita mita mbili kwa urefu, ambaye siku yake yote ni mashauriano na jua. Asubuhi hutoka shimoni mzito wa viungo, akajinyoosha juu ya gogo au udongo mkavu, ubavu wake ameuelekeza mashariki. Damu ikiisha kupata moto huenda kuwinda kaa, samaki na mayai, hata ya mamba mwenyewe. Adhuhuri, jua likiwa utosini, hukimbilia kivulini au hujitosa majini. Na alasiri aghalabu hurejea juani kabla ya giza.

Warufiji walikuwa majirani wa kiumbe huyu kwa muda mrefu. Walilima mpunga na mahindi bondeni, wakapanda mazao ya mlau kila gharika ilipopungua na kuacha rutuba, na wakajenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili wajilinde na maji na kulinda mimea yao. Ujirani huo haukuwa wa mapenzi, maana kenge ni mwizi wa kuku na mayai, na mithali ya Kiswahili isemayo kuwa katika msafara wa mamba na kenge wamo haikumpa cheo kikubwa. Lakini hapakuwa na haja ya kumtia tunduni, na kwa hiyo suala la joto lake lilibaki kati yake na Mola wake. Baada ya gharika ya 1968 Serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda nchi ya juu, na ujirani ule wa kila siku ukapungua. Kenge akabaki na kingo zake.

Biashara ndiyo iliyolizua suala hilo la joto. Tangu kale majahazi yalichukua boriti za mikoko kutoka delta hii kwenda Uarabuni, na mwaka 1898 serikali ya Kijerumani iliiweka mikoko hiyo chini ya hifadhi. Lakini wanyama watambaao walikuwa na soko lao mbali zaidi. Ngozi za mamba na kenge wa Afrika ziligeuzwa mikoba na viatu vya Ulaya, na walio hai walitakiwa katika bustani za wanyama. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya watambaazi mwaka 1849, ya kwanza ya namna yake duniani, na ada ya zama zile ilikuwa kuipasha joto nyumba nzima kwa kiasi kimoja, kana kwamba mjusi ni mche wa kitropiki usiokwenda wala kurudi. Kwa kiumbe aliyezoea kuhama mara nyingi kwa siku kutoka juani kwenda kivulini, joto la namna moja mchana na usiku ni kifungo ndani ya kifungo.

Mageuzi yaliletwa na mwanamke mwenye maarifa mengi na afya dhaifu, Joan Procter, aliyezaliwa 1897 na kufariki 1931. Nyumba mpya aliyoisanifu kwa bustani hiyo ya London ilifunguliwa 1927, na ndani yake umeme ulipasha joto mahali kwa mahali, kila kizimba kikapewa hali iliyomfaa mkaaji wake. Kioo nacho alikichagua kwa uangalifu, kwa kuwa kioo cha kawaida huzuia ile miali ya jua isiyoonekana ambayo kwayo mwili wa mjusi hutengeneza vitamini D na kuimarisha mifupa.

Elimu iliyothibitisha kwamba mjusi huhitaji joto la kuchagua ilitoka kwa mtu aliyelelewa katika bara letu. Raymond Cowles, mwana wa wamisionari aliyezaliwa Natal, alimchunguza kenge huyuhuyu wa majini, na mwaka 1930 akachapisha habari za maisha yake. Alieleza kwamba jike hufukua kichuguu kilicholainishwa na mvua, hutaga mayai ndani, akaenda zake; mchwa huziba tundu, na mayai hukaa miezi mingi katika joto na unyevu ambao mchwa huutunza kwa ajili yao wenyewe. Hivyo mama asiyeweza kuatamia ameajiri walezi pasi na ujira. Mwaka 1944 Cowles na mwenzake Charles Bogert walitoa utafiti wao juu ya watambaazi wa jangwani, wakaonesha kwamba mjusi si mtumwa wa hewa inayomzunguka: kwa kwenda juani na kurudi kivulini huuweka mwili wake karibu na kiwango akipendacho. Wakaonesha pia kwamba kati ya kiwango hicho na kile kiuacho pana nyuzi chache tu.

Katika nyuzi hizo chache ndimo yalimo mafundisho yote kwa mwenye kufuga. Mahali pa kuotea jua pa kenge, juu ya jiwe au gogo lenyewe, watunzaji hupafikisha nyuzi 50 au kuzidi, na upande wa pili wa kizimba huachwa na ubaridi wa nyuzi 25 hadi 28, ili mnyama achague. Kipimo huchukuliwa juu ya jiwe analolalia, kwa kuwa kipimajoto kilichotundikwa ukutani husema habari za ukuta. Joto sharti litoke juu na kuenea mwili mzima, maana taa moja ndogo huchoma mgongo ilhali mkia na tumbo vingali baridi. Kizimba kifupi, hata kikiwa na taa njema, hakina faida, kwani pasipo masafa hapana kivuli cha kukimbilia.

Fauka ya hayo, liko suala la haki ya kumtoa mnyama kwao. Tanzania ilijiunga mwaka 1979 na mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, lakini mijusi ya nchi hii iliendelea kupakiwa kwenda ng'ambo. Mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, ambaye Arthur Loveridge alimpa jina la kisayansi mwaka 1952, alivunwa kwa maelfu, na mikadi aliyoishi ndani yake ikakatwa ili akamatwe, hata mwaka 2016 mataifa yakaamua kupiga marufuku biashara yake. Mwaka huohuo Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Na hata ndani ya nchi hakuna ruhusa ya kumfuga mnyamapori pasi na kibali.

Historia hii yatosha kutufunza kwamba joto la mtambaazi halikuwa kamwe nambari moja ya kuandikwa kwenye taa, bali ni hiari aliyopewa kiumbe ya kulitafuta jua na kulikimbia. Aliyekwisha kuwa na mjusi mikononi mwake anawiwa naye hiari hiyo kabla hajamdai utulivu au uzuri. Na sisi tulio karibu na Rufiji tunawiwa zaidi, kwa kuwa kila ukingo unaofyekwa, kila kichuguu kinachobomolewa na kila mkoko unaokatwa pasi na mpango humpunguzia kenge jua lake, kivuli chake na malezi ya mayai yake kwa pamoja. Ilhali vitu ambavyo Ulaya ilihitaji karibu karne nzima kuviiga kwa umeme na kioo sisi tumevirithi bure, na gharama yetu pekee ni kuviacha visimame.