Mji wa Wageni na Jirani Zake

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Katika mkutano wetu uliopita hapa Nsemulwa, jambo lililotuchelewesha kwenda kula lilikuwa ukuta. Wengi walitaka fedha tulizochanga zijenge ukuta wa kuizunguka shule yote na kuifunga ile njia ya miguu ipitayo nyuma ya mabweni kuelekea kisimani. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzito: wizi, na wanafunzi kutoroka usiku. Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa sijayapanga mawazo yangu. Leo naomba nafasi niyaseme kwa desturi niliyoipata nilipokuwa nikisoma historia Chuo Kikuu, yaani kwa kuanzia mbali.

Wagiriki wa kale hawakukaa nchini kwao tu. Miji yao ilituma watu ng'ambo ya bahari wakaanzishe miji mingine. Mmojawapo ni Epidamnos, ambao kwa mapokeo ulianzishwa mwaka 627 kabla ya Kristo na watu wa kisiwa cha Corcyra, wakiongozwa na mtu wa Corinth. Leo mahali hapo panaitwa Durrës, nayo ni bandari ya Albania. Wageni walishika pwani, na bara yote nyuma yao ilikuwa ya wenyeji walioitwa Wailiria. Mji wa namna hiyo hauwezi kuishi kwa kutazama bahari peke yake. Lazima ufanye biashara na walio nyuma yake.

Wakuu wa Epidamnos walilijua hilo, lakini walikuwa na hofu. Mwandishi Plutarch anaeleza kuwa waliona raia wao wanaochanganyika na Wailiria wanaharibika tabia, wakaogopa maasi. Basi wakawa wanamchagua mtu mmoja kila mwaka, mwenye sifa njema, awe ndiye anayekwenda kuuza na kununua kwa Wailiria kwa niaba ya wote. Bila shaka mnatambua hoja hiyo. Ndiyo tuliyoisikia mkutanoni: wanafunzi wataharibiwa na watu wa mtaani.

Je, hila hiyo iliuokoa mji? Haikuuokoa. Thucydides anasimulia kwamba watu wa kawaida wa Epidamnos waligombana na matajiri wao, wakawafukuza. Waliofukuzwa wakakimbilia kwa Wailiria, wakarudi pamoja nao kuushambulia mji kwa nchi kavu na kwa bahari. Corcyra wakakataa kuusaidia, Corinth wakakubali, miji hiyo miwili ikapigana mwaka 435 kabla ya Kristo. Ugomvi ukaendelea kukua hata ukawa mojawapo ya visa vya vita vikuu vya Athens na Sparta vilivyoanza mwaka 431. Jirani aliyeogopwa miaka yote hakuwa chanzo cha balaa. Chanzo kilikuwa ugomvi wa ndani ya nyumba, na jirani akaitwa ndani yake.

Asiniambie mtu kuwa hayo ni ya Ulaya. Sisi tunayo yetu, tena karibu, huko Tabora.

Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na watu wa pwani walikwisha kufanya makazi Unyanyembe, mahali palipojulikana kwa jina la Kazeh. Burton na Speke walipofika mwaka 1857 waliwakuta na nyumba na mashamba yao. Hawakukaa pale kwa nguvu ya bunduki peke yake. Walikaa kwa idhini ya Mtemi Fundikira, wengine wakaoa kwake. Baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, na ndoa ile ilimpa heshima kubwa Unyanyembe.

Fundikira alipofariki, akatawala Mnywa Sere, naye akataka wafanyabiashara walipe ushuru wa mali wanazoingiza. Kwa macho ya leo tungesema ni haki ya mwenye nchi. Wafanyabiashara walikataa. Laiti wangeishia kukataa! Wakachukua hatua ya pili: wakamwondoa mtemi na kumsimika Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sere akaingia porini, akapigana nao miaka kadhaa. Speke alipopita tena mwaka 1861 alijaribu kuwapatanisha, ikashindikana. Mnywa Sere aliuawa mwaka 1865, lakini amani haikudumu.

Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya msafara kwenda Ujiji. Wafanyabiashara wakamwendea kwa jeshi kubwa, na Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Livingstone, akafuatana nao. Walishindwa vibaya, na mwezi huo huo wa Agosti Mirambo akaingia Tabora na kuchoma sehemu ya mji. Vita vile vilipoa miaka kadhaa baadaye. Mji wa wageni ulikuwa umetaka kumchagulia jirani mfalme, na gharama yake ililipwa na wote, mgeni na mwenyeji.

Kisa hicho kilifika mpaka kwetu. Kwa kuwa njia ya Ujiji ilikuwa imefungwa, Stanley alizunguka kusini kwa kupita Ukonongo, nchi hii hii ya Mpanda, ndipo akapanda kwenda kuonana na Livingstone mwishoni mwa mwaka 1871. Ugomvi wa watu wa mji mmoja na jirani zao ulimgeuzia msafiri njia, akapita porini kwetu.

Na Mpanda yenyewe je? Nao ni mji wa wageni. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi. Baada ya mwaka 1972 ndugu zetu kutoka Burundi walipokelewa Katumba, na mwaka 2014 wengi wao wakapewa hati za uraia. Wasukuma wamekuja na ng'ombe wao, na mkoa ulipoanzishwa mwaka 2012 tukaja sisi watumishi na mafaili yetu. Shule yetu nayo ni makazi ya wageni wadogo, waliotoka kila upande na kuwekwa katikati ya watu wasiowajua.

Nikiwa kidato cha pili niliugua malaria usiku wa manane. Gari halikuwapo. Aliyenipakia kwenye baiskeli na kunifikisha hospitali alikuwa mzee wa nyumba ya kwanza ukivuka kisima, naye alikuja kwa njia ile ile tunayotaka kuifunga. Sikuweza kumtazama usoni, wala haikuwa kwa sababu ya homa. Wiki mbili kabla ya hapo sisi wa bweni letu tulikuwa tumeingia shambani kwake, tukamwibia mahindi mabichi. Alijua. Alipiga pedali bila kulitaja, na mpaka anafariki sikuwahi kumwomba radhi. Ninaomba hapa, mbele yenu.

Kwa hiyo sipingi ukuta. Mali ya shule lazima ilindwe, na wizi upo, ingawa si wa upande mmoja. Ombi langu ni kwamba kabla ya tofali la kwanza kuwekwa, Mwalimu Mkuu na wajumbe wetu wawili wakae na mwenyekiti wa mtaa na wazee wa upande wa kisimani, wasikilize kwanza. Pia katika ramani uwekwe mlango pale njia inapopita, ufunguliwe alfajiri na kufungwa magharibi, na mlinzi wake atoke mtaani. Nimeuliza fundi, mlango hautaongeza gharama kubwa. Mchango wangu wa mwaka huu nimeutuma kwa mweka hazina, na kwenye bahasha nimeandika: wa mlango.