Bakshishi ya nyama choma: Nani apewe, na kiasi gani?

Katika mikahawa ya nyama choma mjini Kitengela na kando ya barabara ya Namanga hadi Kajiado, bakshishi ni hiari. Hakuna sheria inayomlazimu mteja kuitoa.

Hata hivyo, wengi hudhani kimakosa kuwa mhudumu amekwisha kupata fungu lake katika risiti. Ushuru wa VAT wa asilimia 16 huenda serikalini, nayo ada ya utalii ya asilimia 2, pale inapotozwa, huenda katika Hazina ya Utalii. Pesa zinazolipwa kwa nambari ya M-Pesa ya biashara humfikia mwenye mkahawa. Anayetaka kumtuza mhudumu ampe mkononi, au amtumie kwa simu yake mwenyewe.

Anayesahaulika zaidi ni mchomaji. Mhudumu aletaye ugali na kachumbari huonekana muda wote, ilhali aliyevumilia moshi na joto la makaa hutokea dakika chache tu, akaikata nyama ubaoni mbele ya wateja, kisha akarejea jikoni.

Kwa kilo moja au mbili za mbuzi, Sh50 kwa kila mmoja wao si haba. Kundi kubwa, hasa likikaa hadi usiku, litoe zaidi. Mizani ikitiliwa shaka, mteja asione haya kuondoka bila kutoa chochote.