Ulinganishaji wa nyakati za farasi wa mbio

Ulinganishaji wa nyakati ni hesabu ya kukadiria, kwa muda wa farasi katika umbali mmoja, angetumia muda gani katika umbali mwingine, ili wapangaji wa mbio waamue abebe uzito kiasi gani. Katika Afrika Mashariki mbio za farasi zina makao Ngong, Nairobi, uwanja uliofunguliwa 1954 chini ya Jockey Club of Kenya. Kenya Derby hukimbiwa hapo, mita 2400.

Kuzidisha muda kwa uwiano wa umbali hakutoshi, kwa kuwa farasi huchoka. Mwaka 1973 nchini Marekani, farasi Secretariat alimaliza mita 2012 za Kentucky Derby kwa sekunde 119.4, kisha mita 2414 za Belmont Stakes kwa sekunde 144. Kwa mwendo uleule wa awali angetumia 143.3. Kupoteza chini ya sekunde moja ni jambo la ajabu kweli. Farasi wengi hupungua zaidi.

Sekunde nazo hazina thamani moja. Nusu sekunde katika mita 1000 ni pengo zito kuliko katika mita 2400, na mwandishi Andrew Beyer alijenga juu ya hilo majedwali ya kitabu chake Picking Winners (1975). Hali ya uwanja huhesabiwa pia: nyasi zilizolowa mvua huchelewesha wote, hivyo muda wa siku hiyo husahihishwa kwanza.