Miaka 25 ya TaCRI na kahawa ya Tarime

Septemba 2026, Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI, inatimiza miaka 25 tangu ianze kazi. Makao makuu yake yako Lyamungu, mkoani Kilimanjaro. Sisi wa Mara tunaijua zaidi kupitia kituo chake kidogo cha Sirari, wilayani Tarime, karibu na mpaka wa Kenya, kinachowahudumia wakulima wa kahawa wa mkoa wetu.

Utafiti wenyewe ni wa zamani kuliko taasisi. Kituo cha Lyamungu kilifunguliwa mwaka 1934, enzi za Waingereza, na hapo ndipo zilipochaguliwa N39 na KP423, aina za arabika zilizosifika kwa ladha. Baada ya Uhuru kazi iliendelea chini ya serikali, ila kadiri miaka ilivyokwenda bajeti ilipungua na mashamba ya majaribio yakadhoofika. Wadau wa kahawa wakakubaliana kuubeba utafiti wao wenyewe. Mwaka 2001 ikaanza kazi TaCRI, taasisi isiyogawa faida, ikiendeshwa kwa mchango unaokatwa kwenye mauzo ya kahawa pamoja na msaada wa Umoja wa Ulaya.

Tarime ilikuwa na kila sababu ya kuingia kwenye mpango huo. Nyanda zake za juu zinapita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, mvua ni za vuli na za masika, na usiku ni wa baridi. Baridi hiyo huchelewesha tunda kuiva, na tunda linaloiva taratibu hujaza punje vizuri na kuipa kahawa harufu na uchachu mwanana. Katika maboma ya Wakurya, wenyeji wa Tarime, mibuni husimama pamoja na migomba, inayoipa kivuli na matandazo. Ukivuka Mto Mara kuingia wilaya ya Serengeti, ardhi inashuka na joto linapanda, hivyo kahawa hutafuta sehemu zilizoinuka.

Lakini baridi na unyevu uleule ndivyo vinavyopendwa na chulebuni. Ugonjwa huu wa ukungu uligunduliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922, na katika miaka ya 1960 ulikuwa umeshaingia Tanzania. Huanza kama doa jeusi lililobonyea kwenye tunda bichi. Doa likitanuka, tunda hukauka au kudondoka kabla ya kukomaa. N39 na KP423, pamoja na ladha yake yote, hazikuwa na kinga. Mkulima alibaki kununua dawa na kupulizia, na asiye na fedha aliangalia mavuno yakipukutika.

Hapo ndipo mchango mkubwa wa TaCRI ulipo. Kuanzia mwaka 2005 ilitoa aina chotara za arabika zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, na kwa miaka iliyofuata aina zake mpya zikafika 19 za arabika na 4 za robusta. Chotara haipandwi kwa mbegu zake, kwa kuwa watoto hawafanani na mama, kwa hiyo miche hutokana na vikonyo vinavyokatwa kwenye mashamba mama. Vikundi vya wakulima vikifundishwa kazi hiyo, miche bora hupatikana jirani.

Mti bora pekee hautoshi. Ubora huendelea kutafutwa baada ya mavuno: huchumwa kahawa nyekundu tu, humenywa siku ileile, kisha hulowekwa saa 24 hadi 48 mpaka ulenda uachie. Mwenye uzoefu hutia mkono ndani ya tangi na kusugua punje; zikikwaruza kama kokoto, ziko tayari kuoshwa. Baada ya hapo huanikwa kwenye vichanja na kugeuzwa mara kwa mara, na jua kali la mchana au mvua ikitisha hufunikwa. Kuanika chini kwenye vumbi ni kuitupa kazi ya mwaka mzima.

Kazi iliyobaki ni jina. Japani, arabika ya Tanzania huuzwa kwa jina la Kilimanjaro, ya Mara ikiwemo. Kinyume chake, kule Bourgogne, Ufaransa, kila kipande cha shamba la mizabibu kina jina na mipaka yake, na mwaka 2015 UNESCO iliviingiza vipande hivyo katika urithi wa dunia. Thamani ya majina hayo ilijengwa na vizazi vya watu waliokataa kuchanganya mavuno yao bila kujali yametoka wapi.

Tarime ina ardhi, ina baridi, na sasa ina miche inayostahimili ugonjwa. Vyama vyetu vya msingi vikusanye kahawa ya kila ukanda peke yake, viipeleke kwa waonjaji, na TaCRI iandike ladha na udongo wa kila ukanda. Robo karne ya kwanza imeuokoa mbuni. Ya pili imtafutie mkulima wa Tarime na Serengeti bei inayolingana na ardhi yake, kwa jina lake mwenyewe.