Njia ya Kuufikia Urubani katika Afrika Mashariki

Florence Kerr Wilson alipoanzisha shirika lake la ndege mjini Nairobi mwaka 1929, na hata Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipoanza safari mwaka 1946, likiwa milki ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja kwa pamoja, kiti cha rubani kilikuwa cha Mzungu. Wenyeji waliitazama kazi hiyo kwa mbali, si kwa upungufu wa akili wala wa ushujaa, bali kwa kukosa njia ya kuifikia.

Njia yenyewe ni ya gharama kubwa. Kanuni za kimataifa, zilizojengwa juu ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, humpima mwanafunzi kwa mitihani na kwa saa alizoruka: leo leseni ya rubani wa biashara hudai saa 200, au 150 kwa aliyefuata mafunzo mamoja yaliyoidhinishwa tangu mwanzo hadi mwisho, na leseni ya juu ya unahodha wa ndege za abiria hudai saa 1500, na kila saa ina petroli yake, mwalimu wake na ndege yake ya kulipiwa. Kwa hiyo kijana wa zama zile alikuwa na hiari mbili tu, kununua saa kidogo kidogo katika kiwanja cha ndege kama kile cha Wilson mjini Nairobi akijaliwa mali, au kupelekwa ng'ambo kwa fadhila ya mfadhili.

Hiari ya tatu ilizaliwa mwaka 1971, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipofungua shule ya urubani Soroti, mashariki ya Uganda, ili vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wasome pamoja. Lilikuwa jambo la hekima, kwa kuwa ndege za mafunzo, karakana na waalimu ni mzigo unaoielemea nchi moja, ilhali tatu zikishikana huuchukua. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, shirika la pamoja likafa, Kenya na Tanzania zikaunda mashirika yao, na shule ikabaki mikononi mwa Uganda.

Kijana wa leo hunasihiwa alinganishe ada, muda na sifa ya kila chuo kabla ya kuchagua, na nasaha hiyo ni sahihi. Lakini historia yetu yashuhudia kwamba asiye na mali hana la kuchagua mpaka umma umfungulie mlango. Jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999 ina wajibu wa kuujenga tena ushirika ule wa Soroti, maana kipaji cha kurusha ndege hakirithiwi pamoja na utajiri.